Kihesa: bei ipo kwenye kitita, fedha zipo njiani

Zahanati binafsi ya Kihesa, Manispaa ya Iringa, ina bei mbili kwa huduma ileile. Moja imeipanga yenyewe, kwa mgonjwa anayelipa taslimu. Nyingine imepangwa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), kipimo kwa kipimo na dawa kwa dawa, ndani ya kitita cha mafao.

Kitita cha mwaka 2016 kilitumika hadi Machi 1, 2024, kilipoanza kipya. Baadhi ya hospitali kubwa binafsi zikasitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF, zikisema bei mpya hazirudishi hata gharama. Serikali ikajibu kwamba bei zimefuata soko. Mazungumzo yakafanyika, huduma zikarejea. Magazeti yaliandika sana kuhusu bei, lakini kwa kituo kidogo kinachoumiza zaidi ni muda.

Tufuate dai moja. Mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba Kihesa anafika na homa. Kadi inahakikiwa, daktari anaandika ugonjwa kwa msimbo wake, maabara inapima malaria, dawa zinatolewa, mgonjwa anasaini. Saini ikikosekana, au dawa isipolingana na ugonjwa ulioandikwa, kipengele hicho kinakatwa. Dawa imeshamezwa.

Madai ya Januari yanapelekwa Februari, na Mfuko una siku 60 za kulipa. Tuchukulie zahanati inadai shilingi milioni 6 kwa mwezi. Mapema Aprili, kabla ya malipo ya kwanza kuingia, imeshahudumia Januari, Februari na Machi: milioni 18 ziko nje. Hapo hakuna aliyechelewa wala kilichokatwa. Wakati huohuo duka la dawa la jumla linataka fedha mkononi, na muuguzi anasubiri mshahara wake mwisho wa mwezi.

Pengo hilo huzibwa na wasiohusika. Mama lishe asiye na kadi anapandishiwa bei ya kipimo. Mwenye kadi naye anaambiwa dawa imekwisha, akanunue nje, ilhali, kama ni mtumishi, anakatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi na mwajiri wake anaongeza 3 nyingine. Huyo amelipa mara mbili, na hilo halikubaliki.

Mfuko una haki ya kukagua. Wapo watoa huduma waliodai fedha za wagonjwa ambao hawakuwatibu, na fedha hizo ni za wanachama. Nayo michango ya hiari ilikuwa midogo, hivyo kila shilingi ilihitaji ulinzi: Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na Toto Afya Kadi, ya mtoto mmoja, ilikuwa 50,400.

Sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kuwapa kadi wengi zaidi, na kila kadi mpya ni deni jipya kwenye vitabu vya zahanati. Kenya nayo ilibadili NHIF yake kuwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) Oktoba 2024, na hospitali binafsi zimeendelea kulalamikia madeni.

Njia ya kuanzia ipo: Mfuko ulipe nusu ya madai ndani ya wiki mbili tangu kuyapokea, ukaguzi uendelee kwa nusu iliyobaki, na kituo kilichodanganya kikatwe kwenye malipo ya mwezi unaofuata.