Simbakubwa wa Meswa Hakuwa Simba

Jina la kisayansi Simbakubwa kutokaafrika limeundwa kwa maneno ya Kiswahili, na kwa msomaji wetu halihitaji mkalimani. Hata hivyo, laweza kumpotosha. Mnyama huyo aliyetoweka hakuwa simba, wala hakuwa na nasaba ya karibu na simba, chui au fisi. Alikuwa wa kundi la hienodonti, wanyama wala nyama ambao hawakuacha kizazi chochote duniani.

Mabaki yake yalichimbuliwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, katika miamba yenye umri wa takribani miaka milioni 23. Wachimbaji walikuwa wakitafuta zaidi mabaki ya nyani wa kale. Kwa hiyo taya la mnyama huyu lilihifadhiwa katika droo ya Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi kwa miongo kadhaa. Mwaka 2019 ndipo wanasayansi Matthew Borths na Nancy Stevens walipochapisha maelezo yake na kumpa jina.

Kilichopatikana ni sehemu kubwa ya taya la chini, kipande cha taya la juu, mfupa wa kisigino na mifupa michache ya vidole. Meno ndiyo yanayoeleza mengi. Simba wa leo ana jozi moja tu ya meno ya kukatia nyama kila upande wa kinywa, jino la juu likipishana na la chini mfano wa mkasi. Simbakubwa alikuwa na jozi tatu kila upande, zikifuatana kuelekea nyuma ya kinywa, mbali na chonge zake kubwa za mbele. Makali ya meno hayo hayajalika sana, dalili kwamba mnyama huyo alikufa angali kijana.

Kisigino nacho kinaonyesha namna alivyotembea: hakukanyaga kwa wayo mzima kama dubu, wala kwa vidole pekee kama simba, bali kwa mwendo ulio kati ya hiyo miwili.

Kuhusu uzito, tahadhari inahitajika. Makadirio yaliyotokana na vipimo vya meno yanaanzia takribani kilo 280, yaani kumzidi kidogo simba dume mkubwa, hadi zaidi ya kilo 1,500. Tofauti hiyo inatokana na kanuni za hesabu zilizotungwa kwa kupima wanyama wa leo, ilhali hienodonti walikuwa na vichwa vikubwa kulingana na miili yao. Picha za mitandaoni zinazomwonyesha akiwa na ukubwa wa kifaru zimechagua kiwango cha juu bila kumwambia mtazamaji.

Umri wa mabaki kama haya hujulikana kutokana na tabaka la mwamba yalimolala. Yakishang'olewa kiholela, ushahidi huo hupotea. Kwa sababu hiyo, Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka mtu anayegundua kitu cha aina hiyo nchini Kenya, awe mkulima shambani au mchimba mawe, kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa alipokikuta na mazingira ya ugunduzi huo.