Ukungu wa Barovia

Katika michezo ya mezani ambayo wachezaji huwa watu wa hadithi, kijiji hakijengwi kwa udongo wala makuti; hujengwa kwa maneno ya mwongozaji. Mfano ulio bora ni Barovia, kijiji kilichobuniwa na Tracy na Laura Hickman katika kitabu cha Ravenloft, kilichotolewa Marekani mwaka 1983 kwa ajili ya mchezo wa Dungeons & Dragons. Juu yake yasimama ngome ya Strahd, mfu anyonyaye damu ya walio hai. Ukungu wenye sumu umeizunguka nchi, na mgeni akiisha kuingia hatoki kwa hiari yake.

Ukungu huo ndio ufundi wenyewe. Awezaye kuondoka husikia kilio cha Mary, mama aliyepotelewa na binti, akapita. Asiyeweza hana budi kubisha hodi, na msiba wa wenyeji ukawa wake. Majoka na hazina, vitu vipendwavyo mno na waigaji, havina nguvu hiyo. Tena karata za mtabiri Eva hubadili mahali silaha zilipofichwa, hata nia ya Strahd. Hivyo aliyekwisha kucheza hawezi kujidai kuwa aijua njia. Kitabu cha Curse of Strahd, cha mwaka 2016, kiliongeza mengi, lakini ukungu hakikuuondoa.