Bomba la Mvua Lililogoma Jioni

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina bafu, ndoo ya lita 10, na binti mmoja wa Tarime aliyekataa kudharauliwa na binamu yake wa Dar es Salaam.

Tarime iko juu, kwenye miinuko ya Mara karibu na mpaka wa Kenya, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ndizi zinakubali huko, kahawa inakubali, na baridi nayo inakubali. Mwezi wa sita asubuhi ukigusa maji ya bomba unarudisha mkono haraka. Ndiyo maana wenye uwezo kidogo hufunga hita ya bafuni, kile kichwa cheupe cha plastiki kinachokaa mahali pa bomba la mvua: maji yanaingia baridi na kutoka moto palepale.

Binamu alikuja likizo ya Juni. Jioni ya kwanza, saa 1 hivi, aliingia kuoga akatoka meno yanagongana.

"Hita yenu mbovu," akasema. "Kwetu Dar tunayo hiihii, boksi lilelile. Ukifungua tu, unaoga raha mustarehe."

Binti hakujibu. Bibi yake alicheka, akasema mafiga yake matatu hayajawahi kumgomea hata siku moja.

Kesho yake akaitwa fundi umeme. Watoto wakamwamkia, akaitikia marahaba, wakakaa mlangoni wakisubiri atoe bisibisi. Hakuitoa. Akaomba ndoo na saa.

Hapa niwaeleze jambo, maana bila hili hadithi haitaeleweka. Hita ziko za namna mbili. Ile yenye tangi hupasha maji mapema na kuyatunza, mfano wa mama lishe aliyepika wali alfajiri akaufunika. Hii isiyo na tangi haianzi kupika mpaka mteja aketi. Haina akiba. Wateja wakija wengi kwa mpigo, kila mmoja anapata kijiko.

Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1868, huko London, Mwingereza Benjamin Waddy Maughan alitengeneza mtambo wa kupasha maji kwa moto wa gesi huku yakipita. Haukuwa na bomba la kutolea moshi, kwa hiyo mtu angeweza kuingia kuoga asitoke. Hata leo hita ya gesi haifungwi ndani ya bafu lisilopitisha hewa, kwa sababu hewa ya sumu inayoweza kutoka kwenye moto wake haina rangi wala harufu. Vichwa vya umeme tunavyovijua sisi vilienea kwanza Brazili. Jina Lorenzetti mnaloliona kwenye maduka ya vifaa ni la kampuni ya São Paulo iliyoanzishwa mwaka 1923.

Turudi kwa fundi. Akafungua koki yote, akakinga ndoo. Ilijaa kwa sekunde 75. Akamtazama binti. "Darasa la ngapi?"

"La sita."

"Basi piga hesabu. Ni lita ngapi kwa dakika?"

"Nane."

Fundi akaonyesha maandishi ubavuni mwa hita: wati 5,500. Maana yake kila sekunde inatoa kilojuli 5.5 za joto, kwa dakika nzima 330. Lita 1 ya maji inataka kilojuli 4.2 ili ipande digrii 1. Gawanya 330 kwa 4.2, unapata 78 na kitu. Hiyo 78 ndiyo mali yote ya hita kwa dakika moja, hata umlaani fundi vipi. Ukipitisha lita 1, inapanda digrii 78. Ukipitisha lita 8, kila moja inapata digrii 10 basi.

Maji ya Tarime siku ile yalikuwa na digrii 18. Ongeza 10, ni 28. Hapo lazima mtu atetemeke.

"Na Dar?" akauliza binamu.

Dar maji yanafika bombani yakiwa na digrii 27 hivi. Ongeza 10 zilezile, unapata 37, joto la mwili wako. Hita ni ileile, ila ya Dar inamalizia kazi ambayo jua limeshaifanya. Mimi hapa huwa napenda kusimama kidogo, nimwangalie binamu anavyojikuna kichwa.

Fundi akabana koki mpaka ndoo ikachukua dakika mbili na nusu kujaa. Lita 4 kwa dakika, digrii 20 za nyongeza, jumla 38. Binti akaweka mkono chini ya maji, akacheka. Kumbe dawa ilikuwa kupunguza maji.

Lakini jioni baridi ikarudi vilevile, na koki haikuguswa na mtu. Binamu akaanza tena maneno yake. Bahati nzuri fundi hakukaa mbali. Akaja na kipimo chake, akafungua kisanduku cha breka, akapima. Umeme ulitakiwa uwe volti 230. Ulikuwa 180. Saa ile kila nyumba imewasha taa, televisheni, pasi na jiko, na aliye mwisho wa laini anabaki na kinachosalia.

Mtadhani volti zikipungua kwa moja ya tano, joto nalo litapungua kwa moja ya tano. La. Volti zikishuka, mkondo unaopita kwenye koili nao unashuka, na joto linatokana na vyote viwili vikizidishwa. Unapigwa mara mbili. Nusu ya volti huleta robo ya joto. Kwa volti 180, hita ya wati 5,500 inabaki na kama 3,370, na ile 78 yetu inakuwa 48. Igawe kwa lita 4: digrii 12. Maji yanatoka na 30.

"Basi tubane tena," akasema binti. Akabana. Ikasikika "tak," maji yakawa barafu tupu.

Ndani ya kichwa kile kuna kiwambo cha mpira. Maji yakija na nguvu ya kutosha yanakisukuma, nacho kinaunganisha umeme. Nguvu ikipungua kinarudi, umeme unakatika. Ni kinga, maana koili ikiwaka bila maji inaungua mara moja. Kwa hiyo nyumba yenye simtanki iliyowekwa chini mno huona hita "mbovu" kumbe ni nzima: kila mita 1 ya kimo cha maji huleta shinikizo la kilopaskali 10 tu. Ukiinua mnara wa tangi, hita inapona bila kuguswa. Kwa umeme mdogo wa jioni dawa rahisi ni kuoga kabla jua halijazama, au kungoja majirani walale.

Wiki hiyohiyo shangazi akapiga simu kutoka Mugumu, wilaya ya Serengeti. Yeye shida yake ilikuwa kinyume: maji machache, tena yanababua. Binti akauliza vitundu vya kichwa vikoje. Vingi vimeziba, shangazi akasema. Hesabu ikajibu yenyewe. Maji yakizuiwa vitunduni nguvu yake ndani haipungui, kwa hiyo umeme haukatiki; kama zinapita lita 2 tu kwa dakika, kila moja inabeba digrii 39. Hayo maji yanachubua ngozi ya mtoto.

Mji wa Mugumu unapata maji ya bwawa la Manchira, na maji ya bwawa wakati wa mvua hayakosi tope laini. Wanaotumia visima virefu wana adui mwingine, ule ukoko mweupe mnaouona ndani ya birika. Matibabu ni mamoja. Mtu mzima anazima breka ya hita, anafunga koki, anafungua kile kisahani chenye vitundu, anakisugua kwa mswaki wa zamani. Penye ukoko mgumu anakiloweka kwenye siki. Kichujio cha pale maji yanapoingilia nacho kisafishwe. Halafu, kabla ya kurudisha umeme, maji yatiririke kwanza hadi hewa yote itoke. Fanyeni hivyo pia kila maji ya bomba yanapokatika na kurudi. Haraka ya dakika hiyo moja inaweza kuiua hita. Na kitufe cha baridi, vuguvugu na moto hakigeuzwi maji yakiwa yanatoka.

(Huko mbugani Serengeti, ziko kambi za mahema ambako mgeni humwagiwa maji ya moto kwenye mfuko wa turubai ulioning'inizwa, akaoga. Analipa dola nyingi kwa kitu ambacho bibi anakifanya bure.)

Sasa umeme, na hapa msicheke. Wati 5,500 kwa volti 230 ni ampea 24. Plagi ya miguu mitatu imetengenezwa kwa ampea 13. Ukiichomeka hita humo, plagi inapata moto, plastiki inageuka kahawia, halafu inanuka. Hita inataka breka yake, waya wake mnene, na konekta ya udongo isiyoyeyuka. Ukisikia harufu ya plastiki bafuni, au ukuta karibu na waya umebadilika rangi, toka, mwambie mkubwa azime. Ukisikia maji yanakuchonyota vidoleni, vivyo hivyo. Katika hita nyingi za aina hii koili inagusana na maji yenyewe, kwa hiyo waya wa kijani na njano, ule unaokwenda ardhini, ndio unaoukimbiza umeme usipite kwako. Kuufunga ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Watoto kazi yenu ni kuuliza kama umefungwa.

Binamu akaomba simu. Akampigia baba yake Dar, akamwambia azime breka kisha achungulie nyuma ya ile hita yao ya kujivunia. Walisubiri kimya, wakamsikia anaburuta kiti, anapanda.

"Huo waya wa kijani upo," sauti ikasema. "Umekunjwa tu hapa nyuma, haujaunganishwa popote."

"Usiwashe, baba," binamu akasema. "Ogeni kwa ndoo mpaka fundi aje."