Kanuni za chuo zinaporekebishwa, maoni yako yana kazi gani?

Kila mwaka wa masomo unapoanza, stendi ya Msamvu hujaa vijana wenye mabegi makubwa na bahasha za vyeti. Kuna wa Sokoine (SUA), wa Mzumbe, wa Jordan na wa Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro. Ndani ya siku chache watasaini fomu ya kukubali kanuni za chuo. Wengi watasaini bila kusoma.

Shida huja siku unapoitwa kwenye kamati ya nidhamu. Hapo ndipo unagundua kuwa ile karatasi inaweza kukurudisha Msamvu na begi lako kabla hujamaliza mwaka.

Ndiyo maana chuo kikitangaza kuwa kinapitia upya kanuni zake na kinapokea maoni, usipite tu.

Nani anazitunga?

Vyuo vikuu nchini vinaongozwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, na kila chuo kina utaratibu wake wa ndani. Kwa kawaida rasimu huandaliwa na kamati, inajadiliwa kwenye vikao vya chuo, kisha Baraza la Chuo ndilo linaipitisha. Serikali ya wanafunzi huwakilishwa, lakini viti vyake ni vichache. Ikishapitishwa, kuibadilisha ni safari ndefu. Wakati wa kusema ni kabla.

Kwa nini waulizwe na wa mtaani?

Hosteli hazitoshi watu wote. Wanafunzi wengi wamepanga mageto mitaa kama Mafiga, Mazimbu na Kihonda. Mwenye nyumba akigombana na mpangaji wake kuhusu kelele au kodi, kesi inaanzia kwa mjumbe na inaweza kuishia chuoni. Je, chuo kina mamlaka hadi huko? Usiku wa manane, mwanafunzi akivamiwa akitoka kujisomea, anampigia nani? Kanuni iliyoandikwa ofisini haiwezi kujua yote hayo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Halafu kuna lugha. Kanuni nyingi za vyuo huandikwa kwa Kiingereza. Mama mwenye nyumba, dereva wa bodaboda na mwenyekiti wa mtaa watatoaje maoni kwa kitu wasichokisoma? Rasimu ikitolewa kwa Kiswahili, hata kurasa mbili za muhtasari, mkutano unabadilika.

Somo la 1971

Kutosikilizana kuna gharama. Julai 1971, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitikisika baada ya kiongozi wa wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, kuukosoa uongozi wa chuo kwa barua ya wazi. Polisi walimchukua akarudishwa Kenya, na wanafunzi wakagoma.

Miaka mingi baadaye, Makerere nchini Uganda walijaribu njia nyingine. Mwaka 2018 kamati iliyoongozwa na Profesa Sylvia Tamale ilisikiliza watu wa chuo kuhusu unyanyasaji wa kingono na kuipitia sera iliyokuwapo tangu 2006.

Ukipata rasimu, angalia haya

1. Kosa limeelezwa wazi? Maneno kama "mwenendo usiofaa" yasipofafanuliwa, kila mtu atayatafsiri anavyotaka.

2. Anayekushtaki ndiye pia anayekuhukumu? Omba watenganishwe.

3. Utasikilizwa, na unaweza kukata rufaa? Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inatambua haki hizo mbili. Rasimu iseme rufaa inapelekwa wapi na ndani ya siku ngapi.

4. Inambana na mhadhiri? Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Rasimu ionyeshe mwanafunzi anaripoti wapi na analindwaje asifelishwe kwa kulipiziwa kisasi.

Maoni yasiishie kwenye sanduku

Mkutano mmoja ukumbini, saa nne asubuhi siku ya kazi, utajaza viongozi tu. Mama ntilie yuko jikoni, wa mwaka wa kwanza yuko darasani. Vikao vifanyike pia ofisi za serikali za mitaa, jioni, na kuwe na njia ya kutoa maoni bila kuandika jina.

La muhimu zaidi ni majibu. Chuo kieleze maoni yapi yameingia, yapi yamekataliwa na kwa sababu gani. Bila hivyo watu watahisi waliitwa kupiga picha tu, na safari nyingine hawatakuja.

Kwa hiyo kabla ya kusaini fomu, omba nakala ya kanuni uisome, hata kama ni ukiwa kwenye daladala. Ukikuta kifungu hukielewi, kiulizie mapema, usisubiri barua ya kuitwa.