Aliyesikia ni Kijana wa Kijijini

Wanangu, sogeeni. Leo nawasimulia habari za watu wanaozungumza na dunia nzima kwa redio bila kulipwa hata senti moja. Nitaanzia mbali, kwenye barafu ya kaskazini, ambako hakuna mti wala nyumba.

Mwaka 1928, Mwitaliano mmoja, Umberto Nobile, aliongoza chombo kikubwa cha angani kilichojazwa gesi, jina lake Italia, akakipitisha juu ya Ncha ya Kaskazini. Ndani walikuwamo watu 16. Tarehe 25 Mei, wakiwa njiani kurudi kambini kwao katika visiwa vya Svalbard, chombo kilishuka ghafla kikapiga barafu. Chumba cha abiria kilichanika. Watu 10 walimwagika juu ya barafu, mmoja wao akiwa amekufa. Wengine 6 walibaki juu kwenye mfuko wa gesi, upepo ukawachukua, wasionekane tena.

Wale 9 waliosalia walikuwa na hema moja, chakula kidogo, na redio ndogo ya dharura ya masafa mafupi. Fundi wao wa redio aliitwa Giuseppe Biagi. Aliokota mabaki ya vyuma, akasimamisha mlingoti, akafunga waya, akaanza kuita kwa nukta na vistari vya Morse: SOS, SOS. Aliita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Meli yao wenyewe, Città di Milano, ilikuwa kule kule Svalbard, tena ina mitambo mizuri na wataalamu wake. Haikuwasikia.

Sasa twendeni kaskazini mwa Urusi, katika kijiji kiitwacho Voznesenye-Vokhma. Huko aliishi kijana wa miaka ishirini na kitu, Nikolai Schmidt. Hakuwa mwanajeshi wala mtaalamu wa serikali. Alipenda redio tu, na ile aliyokuwa nayo aliiunda kwa mikono yake. Tarehe 3 Juni alikuwa akizungusha kitufe chake polepole, kidogo kidogo, akapata mlio hafifu sana. Akatega sikio. Akaandika alichoweza kukinasa: Italia... Nobile... SOS. Akapeleka telegramu Moscow, na Moscow ikawapasha Waitaliano.

Kule barafuni, Biagi alikuwa na desturi ya kusikiliza habari za redio ya Roma. Ni kwa redio hiyo ndipo wale watu wa hemani walipojua kuwa kuna binadamu amewasikia. Hebu fikirini walivyojisikia! Tarehe 12 Julai meli ya Kirusi ya kuvunja barafu, Krasin, iliwafikia watu wa mwisho waliobaki kwenye hema. Kati ya wale 16 walioondoka, 8 walirudi kwao wakiwa hai.

Nawaomba mlitazame jambo hili vizuri. Schmidt hakutuma chochote hewani usiku ule wala mchana. Kilichowaokoa wale watu ni kwamba yeye alisikiliza kwa uvumilivu mahali ambapo wakubwa hawakusikia kitu. Katika redio ya ridhaa, kusikiliza ndiyo kazi yenyewe. Kusema huja baadaye.

Redio ya ridhaa ndiyo jina la uraibu huu wa kuzungumza kwa redio bila kulipwa. Wanaoufanya wako katika karibu kila nchi: walimu, madaktari, wanafunzi, wastaafu, mafundi. Kila mmoja ana leseni, na hawaruhusiwi kuuza kitu hewani, wala kupiga muziki, wala kutangaza kama stesheni za kawaida. Wanaruhusiwa kujifunza, kujaribu mitambo, kuongea wao kwa wao, na kusaidia penye maafa. Kila mwenye leseni hupewa namba ya wito, na mwanzo wa namba hiyo hukuambia anatoka wapi. Ukisikia 5H3 ujue ni Tanzania Bara, 5H1 ni Zanzibar, 5Z4 ni Kenya, 5X ni Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi, 9Q Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. A4 ni Oman, na marehemu Sultani Qaboos mwenyewe alikuwa na leseni yake, A41AA. Mfalme Hussein wa Jordan aliita kwa JY1, na aliyemjibu alimkuta ni Hussein tu, anauliza hali ya hewa na aina ya antena kama mtu mwingine yeyote. Jambo hilo mimi nalipenda sana.

Mtauliza: dunia ni mviringo na wimbi la redio husafiri kwa kunyooka, sasa mtu wa Mombasa anaongeaje na mtu wa Japani? Jibu liko juu ya vichwa vyetu. Kuanzia kilomita 60 hivi na kupanda hadi mia kadhaa, mwanga wa jua huipiga hewa nyembamba ya huko na kuitia chaji ya umeme. Eneo hilo huitwa ionosfia. Wimbi la masafa mafupi likifika huko hupindwa, likarudi chini kilomita elfu mbili, tatu mbali na lilikotoka. Likigonga bahari huruka tena juu, likapindwa tena, na kwa kurukaruka hivyo hivyo huizunguka dunia. Jua likizama, tabaka la chini kabisa, lile linalomeza mawimbi, hutoweka. Ndiyo maana usiku redio ya nyumbani ya masafa ya kati hunasa stesheni za nchi za mbali ambazo mchana hazisikiki kabisa. Jaribuni leo leo usiku, mtaona.

Hapo zamani wataalamu hawakuyajua haya. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma watu wa ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, kwa sababu iliaminika kwamba huko hakuna kitu cha maana. Wakubwa wakabaki na mawimbi marefu. Watu wa ridhaa hawakususa. Waliyachunguza mawimbi mafupi waliyoachiwa, na mwaka 1923 wakavuka nayo bahari ya Atlantiki, mazungumzo ya kwenda na kurudi kati ya Ufaransa na Marekani.

Mwaka uliofuata, tarehe 18 Oktoba 1924, ikaja zamu ya mwanafunzi. Cecil Goyder alikuwa na miaka 18, akisoma shule ya Mill Hill, London, na shuleni hapo palikuwa na stesheni yenye wito 2SZ. Upande wa pili wa dunia, katika shamba la kondoo la Shag Valley, New Zealand, alikuwako Frank Bell. Ukishuka kutoka London ukatoboa dunia, unatokea karibu na kwake. Kilomita zipatazo 19,000 kwa njia ya juu. Siku ile Goyder na Bell walisikizana wakajibizana, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwa umbali huo kabla yao. Baadaye Frank alipobanwa na kazi za shamba, dada yake Brenda aliishika ile stesheni, na mwaka 1927 akawa mtu wa kwanza wa New Zealand kuongea kwa redio na Afrika Kusini.

Basi, kuna jambo moja ambalo vitabu huliruka: wengi hawajifunzi haya peke yao. Watu hujifunza klabuni.

Ukiingia klabu ya redio ya ridhaa, siku ya kwanza hupewi maikrofoni. Unapewa kalamu. Leseni ina mtihani, na mtihani unataka sheria za hewani, umeme kidogo, na usalama. Hesabu yenyewe haitishi. Chukua 300, gawanya kwa megahezi unazotaka, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Kwa megahezi 14 unapata mita 21 na kitu. Nusu yake ni kama mita 10 na nusu. Mafundi hupunguza kidogo ikabaki 10. Kata waya wa shaba wa urefu huo, ugawe katikati vipande viwili vya mita tano tano, unganisha kebo hapo katikati, kila kipande na waya wake, kisha ning'iniza kati ya miti miwili. Hiyo tayari ni antena ya kwenda Ulaya na Asia. Ila sikilizeni vizuri: isiwe kamwe karibu na nyaya za umeme wa barabarani, na mvua ya radi ikianza kutishia, kebo ichomolewe. Watu wamekufa kwa kupuuza hayo.

Kila wiki, siku na saa iliyopangwa, wanachama hukutana hewani kila mtu akiwa kwake. Ni baraza kamili. Mmoja huongoza, anaita namba za wito moja moja, anayeitwa anajibu, anatoa habari yake, anamaliza kwa kusema ova, na wengine wote wanakaa kimya. Watu wawili wakisema pamoja hakuna atakayesikika. Mgeni akiingia na sauti yake ni dhaifu, kiongozi huwasimamisha wenye mitambo yenye nguvu ili yule mdogo apitishwe kwanza. Nimewahi kukaa katika mikutano mingi ya ana kwa ana isiyo na adabu kama hiyo.

Kisha kuna kuwinda mbweha, na hapa ndipo watoto huwashinda watu wazima. Mbweha ni kisambazi kidogo cha mawimbi kinachofichwa kichakani au nyuma ya ukuta, kikitoa mlio kila baada ya muda. Wawindaji hutoka na redio ya mkononi na antena ya kuelekezwa, ambayo unaweza kuiunda kwa bomba la plastiki la maji na vipande vitatu vya futi ya chuma ya fundi. Unaielekeza huku na huku. Panapolia zaidi, ndiko uendako. Ugumu huja ukikaribia. Mlio unakuwa mkubwa pande zote, na wengi hupotea hapo wakizunguka mahali pamoja. Wajanja huiondoa ile antena, wakaikumbatia redio kifuani na kugeuka taratibu. Mwili wa mtu huziba mawimbi. Pale mlio unapofifia kabisa, mbweha yuko mgongoni kwako.

Klabu nyingi pia huchagua siku za kutoka na kupiga kambi porini au mlimani, wakifanya kazi kwa betri, jenereta na nguvu za jua, kana kwamba umeme wa mji mzima umekatika. Wamarekani walianza zoezi kama hilo mwaka 1933, na hulifanya mwezi Juni, saa 24 mfululizo. Na Oktoba ni zamu ya maskauti, ambao hukutana hewani kutoka nchi mbalimbali kwa siku mbili tatu.

Halafu kuna anga za juu. Mwaka 1983 mwanaanga Owen Garriott alibeba redio ya mkononi ndani ya chombo cha Columbia akaongea na watu wa ridhaa waliokuwa duniani. Siku hizi Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kina stesheni yake, na shule zilizojiandaa huwekewa miadi ya kuwauliza wanaanga maswali. Kituo hicho huenda kasi, kinaizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kwa hiyo kikipita juu yenu mna kama dakika 10 tu. Wanafunzi hujipanga foleni, swali fupi, ova, jibu, mwingine. Hata bila miadi unaweza kukisikiliza kwenye megahezi 145.800 siku ambazo stesheni hiyo iko hewani.

Sasa mtaelewa kwa nini yale mazoezi ya kambini niliyoyataja si mchezo. Desemba 2004, mwanamke wa Kihindi, Bharathi Prasad, alikuwa Port Blair, katika visiwa vya Andaman, pamoja na wenzake wa redio ya ridhaa. Walikwenda kwa ajili ya uraibu wao tu, waongee na dunia kutoka visiwa ambavyo kwa miaka mingi havikusikika hewani. Asubuhi ya tarehe 26 ardhi ikatetemeka, likaja lile tsunami lililofika hadi pwani za Somalia, Kenya na Tanzania. Simu zilikatika. Bharathi na wenzake wakaacha salamu za kawaida, wakaanza kupitisha habari za majeruhi, za waliopotea, za ndugu wa bara waliotaka kujua kama watu wao wako hai. Walikuwa tayari kwa sababu walikuwa wamezoea.

Kenya kuna Amateur Radio Society of Kenya, Tanzania kuna Tanzania Amateur Radio Club, na Uganda nao wana chama chao. Leseni Tanzania hutolewa na TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano ya huko, na Kenya hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Msirushe neno hewani kabla ya kuipata. Wakati mnaisubiri, sikilizeni. Mkitumia redio ya kawaida ya masafa mafupi, sauti za watu wa ridhaa zitakwaruza na hazitaeleweka, kwa hiyo tafuteni yenye kitufe cha SSB. Ikikosekana, Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kimeiunganisha redio yake na intaneti, na yeyote anaweza kuizungusha akiwa popote. Anzeni na megahezi 7 usiku na 14 mchana. Wekeni daftari pembeni, andikeni saa, masafa, na wito mliousikia. Na mkimsikia mtu anaomba msaada wala hajibiwi, msidhani kuna mkubwa mahali fulani ameshamsikia. Andikeni kila neno, mkamwambie mtu mzima saa ile ile.