Fumbo la Fermat

Chukueni 3 mara 3: ni 9. Chukueni 4 mara 4: ni 16. Jumlisheni 9 na 16, mtapata 25. Na 25 ni 5 mara 5. Hesabu za namna hii ni nyingi, na watu wa kale walizijua.

Sasa andikeni namba ileile mara tatu, mkaizidishe. 6 mara 6 mara 6 ni 216. 8 mara 8 mara 8 ni 512. Jumla ni 728. Na 9 mara 9 mara 9? Ni 729! Imepungua moja tu. Tafuteni nyingine: hamtaiona.

Karibu na mwaka wa 1637 mwamuzi mmoja wa Ufaransa, Pierre de Fermat, aliandika pembeni mwa kitabu chake kwamba haipatikani kamwe, wala kwa mara tatu, wala mara nne, wala zaidi. Alisema anayo hoja ya kulihakikisha jambo hilo, ila nafasi ni ndogo. Akafa mwaka wa 1665, na hoja hiyo haikuonekana. Kujaribu namba moja moja hakufai, kwa kuwa namba hazina mwisho. Ilipasa kupata hoja moja ya kuzishika zote, na wenye akili wengi walishindwa.

Mwaka wa 1963, mjini Cambridge, Uingereza, mtoto wa miaka 10 aliona fumbo hili katika kitabu cha maktaba. Jina lake Andrew Wiles. Alifahamu swali lote, mtoto kama ninyi, akastaajabu kwamba limewashinda wakubwa. Hakulisahau.

Alipokuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Princeton, Marekani, alisikia habari mwaka wa 1986: mwenzao Ken Ribet amehakikisha kwamba fumbo la Fermat limefungamana na fumbo jingine jipya. Atakayefungua hili jipya amefungua na lile la zamani. Basi Wiles akaacha uchunguzi mwingine wote. Miaka 7 alifanya kazi chini ya paa la nyumba yake, kwa siri, mkewe alijua.

Mwezi wa Juni 1993 alirudi Cambridge, akaeleza hoja yake siku tatu mbele ya wataalamu. Wakapiga makofi, magazeti yakatangaza. Kumbe kazi ilikuwa haijaisha! Walipoichungua karatasi kwa karatasi, waliona mahali ambapo hoja imekatika. Dunia nzima sasa ilikuwa ikimtazama, na hilo ni gumu kuliko kushindwa kwa siri. Akamwita Richard Taylor, aliyekuwa mwanafunzi wake, wakahangaika pamoja miezi mingi.

Tarehe 19 Septemba 1994 Wiles alikaa mezani, akitaka tu kujua kwa nini njia yake imekataa. Ghafula akaona: njia hiyo, ikiunganishwa na nyingine aliyoiacha zamani, inatosha. Kila moja peke yake ilikuwa imeshindwa. Akazunguka chuoni, akarudi tena na tena mezani kutazama kama hoja bado ipo. Ilikuwapo. Mwaka wa 1995 ilipigwa chapa, kurasa zaidi ya 100.