Nyumba za pupe: kutoka mchezo wa matajiri mpaka shule ya polisi

Sufuria yenye upana wa kifungo cha koti. Kiti kirefu kama kidole cha kati. Kitabu chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na kurasa zake zinafunguka. Ulaya na Marekani kuna watu wazima wanaotumia jioni zao na makuta yao kupamba nyumba ambayo hakuna mtu atakayelala ndani yake hata siku moja. Zinaitwa nyumba za pupe, lakini mara nyingi pupe hayumo, na watoto hawaruhusiwi kugusa.

Mtu anaweza kuuliza: hiyo nayo ni kazi gani? Swali ni la haki. Jibu linapatikana katika maisha ya wanawake wawili wa Chicago, wote matajiri, waliopishana miaka 4 kwa kuzaliwa. Mmoja aliwapa mafundi kazi wakati ambapo kazi haikuonekana. Mwingine aliufikisha mchezo huo kwenye mlango wa tribinali.

Kipimo hakina huruma

Wapambaji wengi wanafuata kipimo cha moja kwa kumi na mbili: kila kitu kinapunguzwa mara 12. Mlango wa mita 2 unabaki na sentimita 17 hivi. Meza ya kulia yenye kimo cha sentimita 75 inakuwa na sentimita 6 na robo. Hesabu hiyo mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Shida ni kwamba kuna vitu vinavyokataa kupungua.

Kitambaa cha rido kinakatwa kidogo, lakini kikitundikwa dirishani kinasimama kikavu kama karatasi, hakianguki. Kwa hiyo mpambaji anatafuta hariri nyembamba sana, anailowesha kwa maji yenye kole, anapanga mikunjo mmoja mmoja, anaichoma pini mpaka ikauke. Mbao nazo zina mistari yao, na mistari ya mti wa kawaida ni mipana mno kwa meza ya sentimita 6. Maji ndiyo mabaya zaidi, maana tone ni tone popote pale. Yanayoonekana ndani ya glasi ndogo ni plastiki ya maji inayoganda na kubaki angavu.

Baada ya kipimo linakuja suala la enzi. Anayetaka nyumba ya mwaka 1890 anafungwa na sheria moja: ndani yake kisiwemo kitu kipya kuliko mwaka huo. Redio hapana. Lakini vitu vya zamani zaidi vinaruhusiwa, na tena vinahitajika. Hapo ndipo wanaoanza wanajulikana. Wananunua kila kitu cha mtindo mmoja, na sebule yao inafanana na duka la viti. Nyumba ya kweli ina kiti cha bibi, sahani moja iliyobaki baada ya nyingine kuvunjika, picha ya marehemu ukutani. Mwenye uzoefu anapaka masizi kidogo kwenye jiko, anatia weusi kuzunguka kitasa cha mlango pale mikono ya miaka mingi ilipopita, anachovya karatasi katika chai ili ionekane imezeeka. Uchafu ndio pambo la mwisho, na ni gumu kuliko mengine yote.

Mchezo huu si wa jana. Mjini Amsterdam, Petronella Oortman alitengeneza nyumba yake ndogo kati ya mwaka 1686 na 1710, na inasemekana gharama yake ililingana na bei ya nyumba ya kweli kando ya mfereji. Leo iko katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum. Waingereza nao walimpa malkia wao Mary nyumba ya namna hiyo mwaka 1924, yenye umeme, na mabomba yake yanatoa maji. Hizo ni fahari za wakubwa, na habari yake inaishia hapo. Habari ya Chicago ni ndefu zaidi.

Vyumba 68 wakati wa ukosefu wa kazi

Narcissa Niblack Thorne aliolewa katika familia ya duka kubwa la Montgomery Ward. Tangu utoto alikusanya vitu vidogo, na baadaye katika safari zake za Ulaya aliendelea kununua. Angebaki mama tajiri mwenye kabati lililojaa vijidude, kama si mdororo wa uchumi. Kufikia mwaka 1933, Marekani ilikuwa na karibu mtu 1 kati ya wafanyakazi 4 bila kazi, na watu wa kwanza kukosa wateja ni wale wanaotengeneza vitu vizuri: seremala wa viti vya kifahari, wachongaji, wachoraji wa kuta.

Bi. Thorne aliwachukua mafundi wa aina hiyo. Wanawake wa chama cha ushonaji cha Chicago walimfumia mazulia. Kati ya mwaka 1932 na 1940, kazi hiyo ilizaa vyumba 68 ambavyo sasa vinaonyeshwa katika Art Institute of Chicago: vyumba vya Ulaya kuanzia karne ya 13, na vya Marekani kuanzia karne ya 17, vyote vikifika mpaka miaka ya 1930. Baadhi ya vyumba vyake vya kwanza vilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya dunia mjini humo mwaka 1933 na 1934.

Fundi mmoja, Eugene Kupjack, alisikia habari za vyumba hivyo, akamtumia mama huyo kiti kidogo alichokitengeneza mwenyewe. Barua nzuri ya kuomba kazi ni ile! Alipata kazi mwaka 1937, na baada ya hapo aliishi kwa ufundi huo, kisha watoto wake wakaurithi.

Ndani ya vyumba vya Thorne hakuna pupe. Kuna kitabu kilichoachwa wazi, kuna mwanga unaoingia dirishani kutoka bustani ambayo haipo, kana kwamba mtu ametoka sasa hivi. Kila Noeli, jumba la makumbusho linapamba baadhi yake kwa desturi za mahali na wakati wa kila chumba. Kasoro inabaki moja: vingi ni vyumba vya wenye mali. Mkono uliokuwa ukiosha sahani zile na kufagia majivu yale hauonekani.

Pupe aliyekufa jikoni

Frances Glessner Lee, binti wa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya mashine za kilimo International Harvester, alikulia Chicago. Kaka yake George alisoma Harvard. Yeye hakupelekwa chuo kikuu. Mwaka 1913 alimtengenezea mama yake zawadi ya siku ya kuzaliwa: wanamuziki 90 wa orkestra ya mji, wadogo, kila mmoja na chombo chake. Rafiki wa kaka yake, muganga George Burgess Magrath, alikuwa akichunguza vifo vya mashaka mjini Boston, na hadithi zake hazikumtoka Frances kichwani.

Magrath alikuwa na malalamiko. Katika majimbo mengi, afisa aliyeandika sababu ya kifo alichaguliwa kwa kura na hakulazimika kuwa muganga. Polisi nao walifika mahali pa kifo wakakanyaga damu, wakahamisha vitu, wakamaliza. Muuaji alikwenda nyumbani, au mtu asiye na kosa akafungwa. Frances alitoa mali yake kuanzisha mafundisho ya uganga wa sheria huko Harvard mwaka 1931. Lakini polisi watajifunzaje kutazama? Huwezi kupeleka darasa zima mahali pa kifo.

Ndipo alipokumbuka mikono yake. Katika miaka ya 1940, akiwa amepita umri wa miaka 60, alianza na seremala wake Ralph Mosher kujenga vyumba vya moja kwa kumi na mbili, kila kimoja na marehemu wake. Soksi za pupe alizifuma kwa pini. Kufuli zinafunga. Kalenda ukutani ina tarehe yake. Rangi ya ngozi ya pupe inaeleza kitu kwa anayejua kusoma mwili.

Katika chumba kimoja, mwanamke amelala sakafuni jikoni. Gesi ilikuwa imefunguliwa, milango imefungwa, nyufa zimezibwa kwa karatasi za gazeti. Wengi wangeandika amejiua na kufunga faili. Lakini viazi vimemenywa nusu, na chakula alichooka kimeiva. Nani anayeamua kufa katikati ya kumenya viazi? Au je, huzuni inaweza kumkuta mtu hata hapo? Frances hakumwambia mwanafunzi jibu. Alimpa taa, kioo cha kukuza na muda uliohesabiwa, amtafute mwenyewe.

Tofauti na Thorne, yeye alichagua nyumba za wanyonge. Marehemu wake wengi ni wanawake, na vyumba vyao ni vya kupanga, vyenye karatasi za ukutani zilizofifia na vyombo vichache. Ndio watu ambao vifo vyao viliandikwa haraka haraka. Ule uchafu kuzunguka kitasa, ambao kwa wengine ni pambo, kwake ulikuwa ushahidi.

Jimbo la New Hampshire lilimpa cheo cha kapteni wa polisi mwaka 1943. Semina zake zilidumu juma zima, na polisi aliowafundisha aliwalisha katika hoteli ya Ritz-Carlton, kwenye sahani za gharama. Alifariki mwaka 1962. Miaka michache baadaye Harvard ilifunga idara ile, na vyumba vikahamishiwa Baltimore, jimbo la Maryland, katika ofisi ya muganga mkuu wa uchunguzi wa vifo. Viko 18, na mpaka leo wapelelezi wanafundishwa mbele yake katika semina yenye jina lake. Ndiyo maana majibu hayatangazwi.

Mwaka 2017 vilipelekwa Washington ili raia wavione, katika jumba la Renwick. Kabla ya hapo watunzaji waligundua kwamba ampule za zamani zilikuwa zikiunguza vitu polepole kwa joto lake. Wakaziondoa, wakaweka mpya zisizochemka, wakahangaika mpaka rangi ya mwanga ifanane na ile aliyoichagua Frances. Hakuna aliyetaka kuharibu dalili.